Homa Haisubiri Mavuno: Wakati wa Kumpeleka Mgonjwa kwa Tabibu Katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Huko Mofu, kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, mwaka wa mkulima wa mpunga hugawanyika katika makazi mawili. Kuna nyumba ya kijijini, iliyo karibu na barabara, shule na huduma za afya. Kuna pia dungu la shambani, ambako familia huhamia mvua zinapoanza ili kulima, kupalilia, kuamia ndege na hatimaye kuvuna. Watoto wadogo hufuatana na wazazi wao kwa kuwa mara nyingi hakuna wa kuwaachia. Kwa hiyo, maji yanapojaa bondeni na mbu wanapoongezeka, mtoto hushikwa na homa akiwa mahali palipo mbali zaidi na kipimo na dawa.

Makala haya yanajibu swali ambalo kila mzazi hujiuliza akiwa amemshika mtoto mwenye mwili wa moto: je, tusubiri au tuondoke? Vitabu vingi hulijibu kwa kuorodhesha dalili. Orodha hiyo ni ya lazima, nasi tutaitoa. Hata hivyo, kwa mkazi wa bonde la Kilombero orodha peke yake haitoshi, kwa sababu muda wa safari nao ni sehemu ya ugonjwa. Anayeishi hatua chache kutoka zahanati na anayehitaji kuvuka maji kwa mtumbwi hawawezi kusubiri kwa muda uleule. Aliye mbali hana budi kuondoka mapema zaidi.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini wahudumu wengi wa vijijini watautambua. Jumatatu jioni, mtoto wa miaka miwili anaanza kuwa na mwili wa moto akiwa shambani. Anapewa parasetamoli iliyokuwa imebaki nyumbani. Jumanne asubuhi amepoa, anaomba uji na kucheza kidogo. Wazazi wanashukuru, wanaendelea na palizi. Jioni homa inarudi, anatapika. Jumatano anashinda amelala. Usiku wa manane anashikwa na degedege. Njia imefunikwa na maji, hakuna wa kuvusha mtumbwi gizani, nao wanasubiri kupambazuke. Wanafika zahanati Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mama," muuguzi anamwamkia bibi aliyembeba mtoto.

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na safari. Mjukuu wetu ameanza kuumwa lini?"

"Usiku wa kuamkia leo, mwanangu. Degedege limemshika usiku."

"Na mwili wake ulianza lini kuwa wa moto?"

"Ah, ile ilikuwa homa tu. Hiyo tangu Jumatatu."

Maneno "homa tu" ndiyo kiini cha somo letu. Kwa bibi, ugonjwa una umri wa saa chache na ameuwahi. Kwa vimelea vilivyomo katika damu ya mtoto, ugonjwa una siku ya tatu. Bibi hajadanganya wala hajapuuza. Amehesabu kuanzia pale alipoona hatari. Tatizo ni kwamba katika malaria, hatari hutangulia kuonekana kwake.

Kwa nini saa 24 za mwanzo

Malaria inayotawala nchini mwetu husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Kimelea huingia katika chembe nyekundu ya damu, huzaliana humo, kisha huipasua na kutoa vimelea vipya vinavyovamia chembe nyingine. Mzunguko huo huchukua takriban saa 48, na kila unapokamilika idadi ya vimelea inaweza kuongezeka mara nyingi. Chembe zilizovamiwa hunata pia katika kuta za mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo, na kuzuia damu kupita vizuri. Mtoto mdogo, ambaye mwili wake haujajijengea kinga, anaweza kutoka katika homa ya kawaida hadi malaria kali ndani ya siku moja au mbili. Malaria ikishafika kwenye ubongo na kumpotezea fahamu, takriban mtoto 1 kati ya 5 hufariki hata akitibiwa hospitalini, na baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa au ulemavu.

Kwa sababu hiyo, mwezi Aprili 2000, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja, Nigeria, walijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2005 angalau asilimia 60 ya wagonjwa wa malaria wawe wanapata tiba sahihi ndani ya saa 24 tangu dalili kuanza. Tuzingatie maneno ya mwisho: tangu dalili kuanza. Saa 24 hazihesabiwi tangu degedege, wala tangu mgonjwa aliposhindwa kusimama. Zinahesabiwa tangu mwili ulipoanza kuwa wa moto.

Joto la mwili lisitudanganye

Katika mfano wetu, kilichowazuia wazazi kuondoka kilikuwa kuona mtoto amepoa Jumanne asubuhi. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Aidha, parasetamoli hushusha joto bila kuua kimelea hata kimoja. Mtoto aliyepoa baada ya kunywa parasetamoli hajapona. Amepunguziwa maumivu, na hilo ni jambo jema, lakini saa yake bado inakwenda.

Kinyume chake, joto kubwa peke yake si kipimo cha ukali wa ugonjwa. Mtoto mwenye joto kubwa anaweza kuwa na mafua yatakayoisha yenyewe, na mwenye joto dogo anaweza kuwa mahututi. Mambo manne ya kutazama ni haya: anakunywa? anapumua vipi? anatambua watu? anatapika kila anachopewa? Hayo hueleza hatari kuliko kiganja kilichowekwa kwenye paji la uso.

Si kila homa ni malaria

Ifakara ina historia ndefu katika utafiti wa magonjwa. Maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa hapo mwaka 1957 ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Utafiti mmoja uliofanyika mwaka 2008 katika miji ya Ifakara na Dar es Salaam, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye umri usiozidi miaka 10 waliofika kliniki wakiwa na homa. Takriban asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 10.5 tu. Wengine walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo, magonjwa ya kuhara na virusi vya aina mbalimbali.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumpima ni kubahatisha, na nimonia au maambukizi ya damu yanaweza kuendelea kumdhuru huku familia ikiamini kuwa ameshatibiwa. La pili, kipimo cha malaria kisichoonesha vimelea hakimaanishi kuwa mtoto haumwi. Kinamaanisha kwamba tabibu aendelee kutafuta. Mzazi anayo haki ya kuuliza: "Kama si malaria, ni nini? Na nikiona dalili gani nirudi?"

Duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, limewasogezea wananchi dawa. Hata hivyo, kununua dawa hakuchukui nafasi ya kuchunguzwa. Dawa mseto ya malaria ikianza kutumika baada ya kipimo, itumike yote: dozi 6 ndani ya siku 3. Vidonge vilivyobakizwa "kwa ajili ya homa ijayo" humwacha mgonjwa wa leo bila kupona, na mgonjwa wa kesho bila dozi kamili.

Ngazi tatu za uamuzi

Ngazi ya kwanza: ondoka sasa hivi. Usisubiri asubuhi ikiwa kuna njia yoyote salama ya kusafiri. Mtoto apelekwe mara moja akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- hawezi kunywa au kunyonya;
- anatapika kila kitu anachopewa;
- amepata degedege, hata kama limekwisha;
- amelegea mno, haamki vizuri au amepoteza fahamu;
- anapumua kwa shida, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi;
- shingo imekakamaa;
- viganja na ulimi vimepauka sana, au macho yamekuwa ya manjano;
- mkojo ni mweusi kama kahawa, au hakojoi kwa muda mrefu.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili yumo katika ngazi hii akiwa na homa tu, au akiwa baridi kuliko kawaida, au akiacha kunyonya vizuri. Kwake hakuna "tuone kwanza". Mjamzito mwenye homa naye asichelewe, kwa sababu malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Akiwa na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, damu kutoka au degedege, hiyo ni dharura.

Kupumua kunaweza kuhesabiwa nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili ukitumia saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ishara ya kupumua haraka. Mtoto huyo mwenye kikohozi na homa huenda ana nimonia.

Ngazi ya pili: nenda leo. Hapa wamo watoto wote wa chini ya miaka 5 wenye homa, hata kama wanakunywa na kucheza. Lengo ni kupimwa ndani ya saa 24. Wamo pia watu wazima wenye homa, hasa waliokuja bondeni kulima wakitoka nyanda za juu zenye malaria kidogo, kwa kuwa miili yao haina kinga waliyo nayo wenyeji.

Ngazi ya tatu: subiri huku ukichunguza. Mafua mepesi bila homa na bila shida ya kupumua, au kidonda kidogo kinachokauka, vinaweza kutunzwa nyumbani. Hata hivyo, kusubiri kuwe na kikomo. Kikohozi kilichodumu wiki 2 au zaidi kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, hasa kikiambatana na jasho la usiku au kupungua uzito.

Sasa tuongeze umbali. Jiulize: "Hali ikibadilika usiku, nitachukua saa ngapi kufika?" Ikiwa jibu ni saa moja, unaweza kwenda leo kwa wakati unaokufaa. Ikiwa ni nusu siku, au ikiwa njia haipitiki usiku, basi homa iliyoanza mchana iwe sababu ya kuondoka kabla jua halijazama. Mkazi wa dunguni asisubiri kuingia ngazi ya kwanza, kwa sababu akishaingia, safari yenyewe inaweza kuwa ndefu kuliko muda aliobakiwa nao.

Degedege: mambo ya kufanya na ya kuacha

Degedege halikosi maelezo katika jamii zetu. Wapo wanaolihusisha na pepo, na wapo wanaolihusisha na homa kali. Tafiti za sayansi ya jamii zilizofanyika Kilombero na Ulanga zimeonesha kuwa familia nyingi haziko upande mmoja tu. Hutumia dawa za asili na za hospitali kwa zamu au kwa pamoja. Mhudumu anayeanza kwa kumkejeli bibi hupoteza msaidizi muhimu kuliko wote, kwa kuwa mara nyingi uamuzi wa familia umo mikononi mwa bibi huyo.

Mtoto anapokuwa katika degedege, mlaze kwa ubavu mahali ambapo hataanguka. Legeza nguo zake. Usimwekee kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni, kwa maana anaweza kupaliwa. Usimfukize moshi, kwa sababu anahitaji hewa. Tazama saa: degedege linalozidi dakika 5, au linalorudia, ni hatari kubwa zaidi. Likikoma, anza safari mara moja. Akiwa na fahamu kamili na anaweza kunyonya, aendelee kunyonyeshwa njiani, kwa sababu upungufu wa sukari mwilini huua watoto wengi wenye malaria kali.

Ipo imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Imani hiyo imetokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao, ila limefasiriwa vibaya. Sindano hupewa walio mahututi. Mtoto aliyecheleweshwa siku tatu hufika akiwa hoi, huchomwa sindano, na wakati mwingine hufariki muda mfupi baadaye. Jirani hukumbuka sindano. Hakuna anayekumbuka siku tatu za "homa tu". Kadiri watoto wanavyofikishwa mapema, ndivyo wanavyorudi nyumbani wazima baada ya sindano hiyohiyo, na ushahidi wa namna hiyo hushawishi kuliko mahubiri.

Kwa wahudumu wa afya

Kwanza, uliza maswali mawili pamoja: "Mwili ulianza lini kuwa wa moto?" na "Msimu huu mnalala wapi?" La kwanza litakupa umri halisi wa ugonjwa. La pili litakuonesha kama ushauri wa kurudi hali ikibadilika unatekelezeka. Mama anayelala saa tano za safari kutoka zahanati aombwe abaki kijijini kwa ndugu hadi mtoto apate nafuu, badala ya kuambiwa "rudi usiku akizidiwa".

Pili, dakika za kabla ya rufaa zitumike. Utafiti uliofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2009 uliwahusisha wagonjwa wa malaria kali wasioweza kumeza dawa. Miongoni mwa waliochelewa kufika kliniki kwa zaidi ya saa 6, waliowekewa dawa ya artesuneti kwa njia ya haja kubwa kabla ya safari walipata kifo au ulemavu wa kudumu kwa asilimia 1.9, ikilinganishwa na asilimia 3.8 kwa wasiopewa. Dawa hiyo kwa watoto wadogo ni ya kuwasindikiza hospitalini tu. Ikitolewa bila rufaa kukamilika, mtoto huonekana amepata nafuu na ugonjwa hurudi.

Tatu, usimgombeze aliyechelewa. Anayeaibishwa leo atachelewa zaidi mara ijayo, au hatakuja kabisa.

Mpango kabla ya kuhamia shambani

Uamuzi unaofanywa usiku wa manane, mtoto akiwa amekakamaa, hufanywa kwa hofu. Uamuzi uleule unaweza kufanywa kwa utulivu siku ya kufunga mizigo. Kila familia ikubaliane mambo haya:

- nani anaruhusiwa kuamua kuondoka baba asipokuwepo, pasipo kusubiri ruhusa;
- nani atavusha mtumbwi, na bodaboda gani itaitwa;
- akiba ya nauli itakaa wapi, isiguswe kwa jambo lingine;
- kadi ya kliniki ya mtoto itatunzwa wapi isilowe;
- chandarua chenye dawa kitatundikwa vipi dunguni.

Kwa mujibu wa sera ya afya nchini, watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito husamehewa uchangiaji katika vituo vya umma. Hofu ya gharama ya matibabu isiwe sababu ya kuchelewa. Wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga wanaweza kuombewa usafiri wa dharura kupitia mpango wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa miezi 8 ana kikohozi na homa. Kipimo cha malaria hakikuonesha vimelea jana. Leo anapumua mara 56 kwa dakika. Je, familia itulie kwa kuwa hana malaria?

2. Mtoto wa miaka 3 aliye dunguni alikuwa na homa jana jioni. Leo asubuhi amepoa na anacheza. Safari hadi zahanati ni saa nne. Je, wasubiri?

3. Mtoto wa wiki 3 ana mwili wa moto lakini ananyonya kidogo. Je, apewe parasetamoli kwanza?

Majibu: (1) Hapana, anapumua haraka kuliko kawaida ya umri wake na huenda ana nimonia, hivyo arudishwe leo. (2) Wasisubiri, waondoke asubuhi hiyo wakati ana nguvu na njia inaonekana. (3) Hapana, aondoke sasa hivi, huku mama akiendelea kumnyonyesha.

Hitimisho

Palizi iliyokatizwa kwa siku moja inaweza kufidiwa. Jirani anaweza kusaidia, na hata mpunga ukipungua familia itakula. Bibi wa mfano wetu alimpenda mjukuu wake kuliko shamba, na alisafiri mara kulipopambazuka kulithibitisha hilo. Kilichomkosesha siku tatu ni neno dogo, "tu", alilolibandika kwenye homa ya Jumatatu jioni. Mhudumu na mzazi wakilifuta neno hilo kwa pamoja, mtoto wa msimu ujao atafika zahanati akiwa bado anaomba uji.